Hamu ya Sikio la Kushoto

Kimilili, 9 Februari 2025

Baba Ayot,

Salamu nyingi kutoka huku kwa mama. Natumaini u mzima, ingawa najua ukiulizwa utasema "nipo" kisha unyamaze.

Nimepiga simu wiki nzima. Inalia mpaka inachoka. Rafiki yangu Rosebella ananiambia simu iko mezani, imejaa chaji, na wewe umekaa kando yake ukiitazama kana kwamba anayetafutwa ni jirani. Sikulaumu. Lakini mimi ni mtu wa maneno, na nisipoongea na mume wangu nitaanza kuongea na kuku. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, Rosebella ataipokea Kampala akuletee. Barua ina heri moja: haikutazami usoni ikingoja jibu.

Mama alianguka akitoka kukamua ng'ombe, nyonga ikavunjika. Wamempasua Bungoma wakamrudisha nyumbani, na sasa hataki kuguswa na mtu isipokuwa mimi. Sylvanus anasaidia anavyoweza, lakini mtoto wa kiume hawezi kumwogesha mama yake. Siwezi kusema nitarudi lini.

Kibanda changu cha nguo za watoto pale sokoni Owino kiko mikononi mwa Rosebella. Jioni atakuletea chakula. Kula, hata kama hakina ladha. Na tafadhali nenda kwa yule Daktari Abwola uliyetajiwa, anayefanya utafiti juu ya watu waliopoteza hamu. Ulimwambia Rosebella utafikiria. Mwaka wa tatu huu unafikiria.

Mkeo,
Nasike


Kansanga, 23 Februari 2025

Mama Ayot,

Barua nimepata. Pole kwa mama mkwe.

Nilienda. Rosebella alikaa mlangoni akasema haondoki mpaka nivae viatu. Kuvaa viatu kulikuwa rahisi kuliko kumsikiliza.

Daktari Abwola ni mwanamke wa Gulu, anaongea polepole. Aliniuliza, "Una huzuni?" Nikamjibu, "Hapana, afande." Nilimwita afande kwa mazoea ya polisi. Nikamwambia sina huzuni, ila sitaki kitu. Si chakula, si watu, si tarumbeta. Akasema watu kama mimi ndio anaowatafuta.

Ameniambia kuna neva ndefu inaitwa vagus. Inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni, inafika moyoni na tumboni. Tawi lake moja dogo linatokeza sikioni. Wana kimashine cha mkononi chenye waya na klipu. Klipu inabana sikio la kushoto na kupitisha umeme kidogo sana. Haiumi. Utafiti una vipindi viwili. Kipindi kimoja klipu inabana ndani ya sikio, kingine inabana ndewe. Mahali pamoja panafikia neva, mahali pengine hapafiki, ni pa uongo tu. Wapi ni wapi, hawatuambii mpaka mwisho.

Kabla ya kuanza walinikalisha mbele ya kompyuta. Unabonyeza kitufe haraka haraka, na kadiri unavyobonyeza ndivyo unavyopewa zawadi. Wakati mwingine zawadi ni nyama choma, wakati mwingine karanga. Nilibonyeza kidogo nikaacha. Daktari hakukasirika.

Kimashine nimekuja nacho nyumbani. Navaa kila asubuhi.

Sina mengine.

Okwir


Kimilili, 9 Machi 2025

Baba Ayot,

Barua yako ni fupi, lakini nimeisoma nikahesabu kwamba ina maneno mengi kuliko uliyoniambia tangu Krismasi. Nimeiweka chini ya mto.

Leo mama alinituma nje nipumzike, nikakaa nikikumbuka jinsi ulivyoanza. Watu hudhani kitu kama hiki huja na kishindo. Kwako kilianza na supu ya mulokoni. Wewe uliyekuwa ukipanga foleni Jumapili kabla ya misa kwa ajili ya supu ya kwato, siku moja ulisema, "Leo sina haja." Kesho yake tena. Halafu ukaacha kumpigia Ayot simu shuleni. Halafu tarumbeta ikaingia kwenye sanduku lake, na wenzako wa bendi ya polisi wakadhani umekasirishwa na kitu. Wakubwa wako walisema uvivu. Ndugu zako wa Lira walisema umetupiwa kitu. Kanisani waliniambia niombe. Niliomba, Okwir. Mpaka nikawa sijui naomba nini, maana hukuwa unaumwa, hukuwa unalia, hukuwa na mwanamke mwingine. Ulikuwa tu kama nyumba ambayo wenyewe wamehama wakaacha taa inawaka.

Huo umeme una hatari? Muulize daktari vizuri, usiitikie tu "ndiyo, afande."

Mama bado hawezi kukaa bila mto. Itachukua muda.

Mkeo,
Nasike


Kansanga, 30 Machi 2025

Mama Ayot, mke wangu,

Leo naandika bila kusukumwa na mtu.

Mwanzoni nilihisi tu kama sisimizi wanatembea sikioni. Halafu wiki iliyopita nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti, na yule kijana anayekunja rolex za chapati na mayai kule barabarani akavunja mayai yake kwenye kikaango. Harufu ya vitunguu ikapanda mpaka dirishani. Nikasimama. Sikuamua kusimama, Nasike. Miguu ilisimama yenyewe. Nilifika chini nimevaa ndala za Ayot, visigino viko nje. Kama chapati ile ilikuwa tamu sikumbuki. Nakumbuka kuitaka.

Nilimweleza Daktari Abwola. Akasema, "Kuna kufurahia kitu, na kuna kukifuata. Watu hudhani ni jambo moja." Akanieleza kwamba ubongo una kemikali inaitwa dopamini. Hiyo siyo utamu wenyewe, ni ule msukumo wa kuinuka uufuate utamu. Neva ya vagus hupeleka habari za tumboni kule juu, na wao wanaigonga kwa umeme kama mtu anayebisha hodi, wakitumaini msukumo utaamka. Nikamuuliza kama wangu umeamka. Akasema, "Siwezi kuapa. Klipu wanabana wenzangu, hata mimi sijui uko kipindi cha kweli au cha uongo."

Walinirudisha kwenye kile kitufe. Safari hii nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Nilibonyeza kwa nyama, nikabonyeza hata kwa karanga, na wewe unajua mimi na karanga. Daktari anasema watafiti wengine pia wameliona hilo: umeme huu unaweza kumfanya mtu ajitahidi hata kwa kitu asichokipenda sana.

Nimeenda Owino mara mbili kumsaidia Rosebella. Mama mmoja alishika gauni akasema limefifia. Nikamwambia, "Nyabo, halijafifia, limetulia." Alicheka akanunua. Tarumbeta nimeitoa. Midomo imelegea, sauti ilitoka mbaya mpaka jirani akaja kubisha hodi: "Ssebo, mnachinja mbuzi humo ndani?"

Nakutaka urudi. Neno hilo sijalitumia siku nyingi, nikiliandika linanishtua. Nataka sauti yako humu ndani. Kama mama mkwe ameanza kusimama, niambie nije nikuchukue.

Mumeo,
Okwir


Kimilili, 13 Aprili 2025

Baba Ayot,

Nilisoma habari ya mbuzi kwa sauti, na mama alicheka mpaka akashika nyonga. Mungu ni mwema. Mshukuru daktari kwa niaba yangu.

Lakini usije kwanza. Mama bado hajaweza kusimama, na nyumba imejaa wageni wa kumwona. Na wewe ni mkwe, ukija itabidi kila mtu aanze kukimbia huku na huku kukupisha njia usikutane na mama uso kwa uso. Ngoja mambo yatulie.

Halafu kuna kitu kimenikaa. Umeandika kwamba umeme unaweza kumfanya mtu ajitahidi hata kwa kitu asichokipenda sana. Sasa Baba Ayot, unaposema unanitaka, mimi ni nyama choma au ni karanga?

Nauliza kwa mzaha. Nusu ya mzaha.

Nasike


Kansanga, 27 Aprili 2025

Nasike,

Jana Sylvanus alikuwa Kisenyi kutafuta vipuri vya lori lake. Akapita kunisalimia. Nilimnunulia soda, nikamuuliza, mama mkwe anaendeleaje kitandani.

Akaniangalia. "Kitandani? Shemeji, Jumapili ya Pasaka mama ameenda kanisani kwa miguu yake. Ana fimbo, lakini ni ya kuwatishia watoto."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa tatu anatembea. Halafu akaona uso wangu, akaanza kusema habari za bei ya matairi.

Nimekaa na hili usiku kucha na leo mchana kutwa. Hasira niliyo nayo ni mpya, inawasha mwili. Zamani ungeniambia umeolewa na mtu mwingine nikasema "sawa." Sasa siwezi. Kila siku nikitoka kazini kwa Rosebella napita njia ya stendi, nione kama basi la Malaba limeleta barua. Nimefagia chumba. Nimenunua pazia. Na wewe unaniandikia kwamba mama hajaweza kusimama.

Kwa nini umenidanganya? Kuna nini huko? Kama kuna mtu, niambie.

Okwir


Kimilili, 6 Mei 2025

Baba Ayot,

Hakuna mtu. Ingekuwa rahisi kukueleza kama angekuwepo.

Nilikuja kwa ajili ya mama, hilo ni kweli. Asubuhi ya kwanza hapa niliamka kwa mazoea, nikatega sikio nisikie kama umeamka. Halafu nikakumbuka kwamba hapa hakuna mtu wa kuamshwa. Mama alikuwa amevunjika mfupa, lakini alikuwa anataka chai. Anataka chai kwa hasira! Chai ikichelewa anaita jina langu na la marehemu baba. Nilimmiminia chai hiyo nikalia, akadhani nalilia nyonga yake.

Kwa muda wote ule, Okwir, nilikuwa nikitaka kwa niaba ya watu wawili. Nilitaka ule, nikataka uoge, nikataka umpigie mtoto wako simu, nikataka jua likuguse. Asubuhi nilikuwa natoka Kansanga kwenda Owino nimeshatumia nguvu ya siku nzima kabla sijafungua kibanda. Nilikuwa kama mtu anayesukuma gari lililozima, na ndani yake kuna mtu ameketi, hashiki hata usukani. Sikuchukii kwa hilo. Ulikuwa unaumwa, na mgonjwa hasukumi. Lakini mwenye kusukuma naye ana mgongo.

Halafu barua yako ya rolex ikafika. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilikaa na barua mapajani nikingoja moyo uruke, nikimbilie stendi na ndala mguuni kama wewe. Nikangoja. Haukuruka. Nikagundua kwamba gari limewaka, na mimi niliyekuwa nasukuma nimeanguka barabarani nyuma yake.

Ndiyo maana niliandika kwamba mama hajasimama. Asiyeweza kusimama nilikuwa mimi, nikakosa namna ya kusema.

Wewe umebanwa klipu sikioni. Mimi nani atanibishia hodi? Usije kunichukua kwa nguvu za umeme. Nikirudi kwa sababu wewe una hamu, nitakuwa nimerudi kazini tu.

Nisamehe uongo. Ukweli mwingine sina.

Nasike


Kansanga, 29 Mei 2025

Mama Ayot,

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kuichana. Mara ya pili nilikaa chini. Sikujua. Nilikuwa ndani ya gari, kama ulivyosema, na kutoka ndani mtu haoni nani anasukuma. Nilidhani gari limesimama tu, na wewe umesimama nalo.

Nikwambie na jambo lingine kabla hujalisikia kwa Rosebella. Kipindi cha pili kimeanza. Klipu imehamia kwenye ndewe. Daktari hasemi kitu, lakini mwili unasema. Kijana wa rolex anavunja mayai na mimi nimekaa. Chai inapoa. Juzi niliishika tarumbeta nikairudisha. Nadhani hiki ndicho kipindi cha uongo.

Naogopa kidogo, na nashukuru kwamba naogopa, maana zamani sikuogopa.

Sitakuomba urudi.

Okwir


Kimilili, 17 Juni 2025

Baba Ayot,

Natumaini ulifika salama na mpaka wa Malaba haukuwachelewesha. Naandika kwa sababu kuna mambo ambayo hukuyaona ulipokuwa hapa.

Ijumaa Sylvanus aliponiambia, "Dada, mumeo yuko nyumbani kwangu," nilivaa leso nikaja nimejiandaa kwa vita. Nilijua umekuja kunibembeleza. Nikakukuta umekaa kwenye benchi, umelowa mvua, na uso ule ule wa miaka yote hii. Hakuna hasira, hakuna furaha. Nikajisemea, basi, ameshazima.

Nikakuuliza, "Umetaka kuja?"

Ukasema, "Hapana. Asubuhi sikutaka hata kuvaa shati."

"Sasa mbona umekuja?"

"Sijaja kukuchukua. Kwa muda wote ule ulikuwa unaniuliza mimi nataka nini. Nimekuja kukuuliza wewe."

Hukujua kwamba nilikuwa natafuta jibu na silioni. Hatimaye nikasema jambo la kijinga lililokuwa karibu na ulimi: nataka kula chakula ambacho sikukipika wala sikukiwaza.

Na wewe ukainuka ukaomba sufuria.

Ulivyokuwa unachambua majani ya kunde pale kwa Sylvanus, kijiji kizima kilikuwa kwenye uzio. Mkwe anapika ukweni! Nilikimbia kwa mama kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa ameshasikia.

"Ni kweli mkwe wangu yuko jikoni?"

"Ni kweli, mama."

"Anapika nini?"

"Kunde na simsim, ule ufuta wa kusaga, kama wanavyopika kwao Lango."

Akafikiri. Nilidhani atasema ni mwiko. Akasema, "Mwambie asitie maji mengi. Na mimi niletewe."

Ulinipa kijiko nionje, ukauliza, "Kuna chumvi?" Nikakuambia onja mwenyewe. Ukasema ulimi wako leo haukuambii kitu, itabidi uniamini mimi. Hapo ndipo niligeuza uso nikasema moshi umeniingia. Haukuwa moshi. Mtu asiyetaka chakula alikuwa ananipikia, na hakuna umeme uliokuwa unamsukuma. Hata kidogo. Nilikuuliza ile siku kama mimi ni nyama au karanga. Nafuta swali.

Mama alikula nyumbani kwake, msionane. Baadaye alirudisha bakuli tupu akasema nimwambie mkwe kwamba chumvi ilitosha, ila majani alichelewa kuyatoa. Kwake hiyo ni sifa.

Sikuondoka nawe Jumapili, na wewe hukuuliza. Kwa hilo pia asante. Basi lilipoondoka nililala mpaka mchana, na hakuna aliyeniamsha.

Mkeo,
Nasike


Kansanga, 20 Julai 2025

Mama Ayot,

Utafiti umekwisha. Daktari Abwola alituita mmoja mmoja. Kwangu kipindi cha kwanza kilikuwa cha kweli, cha pili cha uongo. Kama nilivyodhani.

Vimashine vimerudishwa. Nikamuuliza, sasa mimi? Hakunidanganya. Alisema utafiti wake ni mdogo, na sote tuliobanwa hatukufanana. Wengine hawakuhisi kitu kabisa. Ameomba ruhusa aendelee na baadhi yetu, lakini hajui atajibiwa lini. Kwa sasa ameniandikia vidonge, na kila baada ya wiki mbili naenda kuongea naye. Alisema, "Okwir, usikae ukingoja hamu ndipo ufanye. Fanya kidogo, mara nyingine hamu hufuata nyuma." Nikamwambia hilo nimeshalijaribu kule ukweni.

Hali yangu si kama ya mwezi wa tatu, na si kama ya mwaka jana. Kuna siku naamka nikiwa na haja ya jambo dogo. Kuna siku najipeleka mwenyewe kama mzazi anayepeleka mtoto shule, amemshika mkono, haulizi kama anapenda. Wenzangu wa bendi wamenirudisha kwenye mazoezi ya Jumamosi. Nakaa safu ya nyuma. Onen, anayepiga ngoma kubwa, ananigonga bega ikifika zamu yangu, maana kuna wakati naisahau.

Nimempigia Ayot simu shuleni. Akauliza, "Baba, ni wewe?" Tuliongea habari za hesabu zinazomshinda. Hata mimi zilinishinda.

Wewe lala. Mama mkwe nisalimie kwa mbali.

Mumeo,
Okwir


Kimilili, 16 Agosti 2025

Baba Ayot,

Nimekubaliana na Rosebella kwamba kibanda kitakuwa cha sisi wawili, zamu kwa zamu. Siku ambazo si zangu sitaamka mapema, na usijaribu kuniamsha. Siku ukizama tena, nitakuambia nikichoka, kabla sijachoka kabisa. Na wewe utamwambia daktari, si mimi peke yangu. Hayo ndiyo masharti, na mama ameyasikia yote akasema yeye angeongeza mengine.

Shule zinafungwa Ijumaa. Nitashuka Jinja nimchukue Ayot, tuingie Kampala pamoja jioni. Usifagie, usinunue pazia lingine. Usipike.

Tangu juzi nawaza samaki wa pale Ggaba, yule mzima wa kukaangwa mpaka mkia unavunjika, na limau. Nimemwota. Nimeamka nikameza mate kama mjamzito, mama akaniangalia vibaya. Kwa hiyo tukifika tutaweka mizigo na kwenda moja kwa moja, sisi watatu. Ikiwa siku hiyo huna hamu, utakaa nasi tu, ututazame tukila.

Mimi nina njaa.

Nasike